Anayedai Ndiye Athibitishe? Si Mara Zote

Tangu maji ya Ziwa Tanganyika yapande na kuingia kwenye makazi ya mwambao wa Kigoma, mezani kwangu zinafika barua za aina mbili. Moja husema: "Wataalamu wathibitishe kwamba haya ni mabadiliko ya tabianchi, maana sisi tunajua ziwa hupanda na kushuka." Nyingine: "Nyumba yangu imeliwa na maji kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, naomba fidia." Waandishi wote wana nia njema. Wote pia wanadhani mzigo wa kuthibitisha ni mmoja, na wa kuubeba ni mtu mwingine.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inasema anayetaka mahakama imwamulie haki kwa kuegemea jambo fulani ndiye athibitishe kuwa jambo hilo lipo. Kwenye jinai, upande wa mashtaka huthibitisha hadi isibaki shaka ya msingi. Kwenye madai inatosha mizani ielemee upande wako. Watu hukomea hapo. Wanasahau kwamba ukishaweka ushahidi wa kutosha, mwenzako hawezi kukaa na kurudia "thibitisha, thibitisha". Zamu inakuwa yake.

Kwa swali la kama binadamu anaipasha dunia joto, zamu ilishahama. Mwaka 1896 mwanasayansi Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu ya jinsi hewa ukaa, gesi itokayo tunapochoma makaa na mafuta, inavyoongeza joto. Vipimo vya hewa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, vilianza mwaka 1958 vikisoma takriban sehemu 315 za hewa ukaa kwa kila milioni. Leo zimepita 420. Setilaiti zinapima jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na nguvu yake haijaongezeka. Tena tabaka la juu la angahewa linapoa wakati la chini linapata joto. Lingekuwa jua, yangepata joto yote mawili. Anayekataa atuletee maelezo yanayolingana na vipimo hivyo vyote kwa pamoja. "Hata zamani kulikuwa na ukame" si maelezo. Hata kabla ya umeme nyumba ziliungua, lakini fundi aliyeunganisha nyaya vibaya hajitetei hivyo.

Barua ya pili ni ngumu zaidi, na hapa huwa nawaudhi watu. Kwamba dunia inapata joto hakuthibitishi kwamba maji yaliyoingia sebuleni kwako yameletwa na joto hilo. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Miaka ya 1870 maji yalipanda mpaka yakazoa mchanga na matope yaliyouziba mto huo, na miaka ya 1960 yakapanda tena. Anayedai fidia lazima aunganishe kila pete ya mnyororo. Mkulima wa Peru, Saúl Luciano Lliuya, aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE nchini Ujerumani mwaka 2015, akitaka ichangie asilimia 0.47 ya gharama za kuikinga nyumba yake na mafuriko ya ziwa la barafu inayoyeyuka. Mei 2025 mahakama ya Hamm ilikubali kwamba, kimsingi, mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa, lakini dai lake likatupwa kwa sababu hatari kwa nyumba hiyo ilionekana ndogo mno.

Na kama msingi wa nyumba yako uko ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, swali letu la kwanza halitakuwa hewa ukaa, bali kwa nini ulijenga karibu hivyo na maji.

Kwa miradi mipya mambo ni tofauti: mzigo ni wa mwenye mradi. Azimio la Rio la 1992, la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, liliweka kanuni ya tahadhari, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaiingiza kwetu: kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi si kisingizio cha kuacha kuzuia madhara makubwa. Mwenye mradi unaotakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira husajili mradi, hutumia mtaalamu aliyesajiliwa, huandaa hadidu za rejea, hukutana na wananchi, huwasilisha ripoti, hujibu hoja za wapitiaji, kisha husubiri cheti. Kusubiri ni kusubiri. Kumwaga kokoto "wakati cheti kinakuja" ni kuanza mradi. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na kazi inaweza kusimamishwa. Kudanganya kwenye ripoti nako ni kosa. Mwananchi anayehoji kwenye mkutano haulizwi digrii yake.

Anayetaka kulalamika aandike tarehe, mahali na kipimo, aambatanishe picha, apitie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Takwimu za mvua aombe Mamlaka ya Hali ya Hewa, akitaja kituo, miaka na matumizi. Kina cha ziwa aulize Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika.

Ushahidi bora niliowahi kuuona kwa mwananchi ulikuwa Ujiji. Mzee mmoja alinipeleka kwenye mwembe nyuma ya nyumba yake: alama za kisu kwenye gome, na kando ya kila moja mwaka kwa rangi ya mtumbwi. Alama mbili zilikuwa chini ya maji, akazitafuta kwa vidole. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuletea. "Hamkuuliza, mwanangu," akasema. Niliandika vipimo vyote kabla sijaondoka.