Jiwe la Msingi Halitoi Maji

Tangu Job Ndugai, mbunge wa Kongwa na Spika wa zamani, afariki Agosti 2025, kijiwe cha kahawa ninachopita asubuhi hapa Dodoma hakijaelewana. Mmoja, mtu wa Kongwa, anasema mzee aliibeba wilaya mgongoni. Mwingine, mwanasheria, anasema alilizamisha Bunge. Wakiniona wananigeukia: "Mtaalamu, si ndiyo kazi yako hii? Toa hukumu." Ni kweli nalipwa kutathmini miradi ya umma. Ila hawa wawili hata hawabishani. Kila mmoja anapima kazi tofauti ya Ndugai, kwa mizani yake.

Mimi huanza na swali kavu: cheo kile kilimpa nyenzo gani? Mbunge hana fungu la kujenga barabara. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Barabara za wilaya ziko kwa wakala wa Serikali, TARURA, maji ya vijijini yako kwa wakala mwingine, RUWASA, na hela inatoka Hazina au kwa mfadhili. Mbunge ana mdomo, ana kura ya bajeti, ana swali la msingi na la nyongeza. Ana pia Mfuko wa Jimbo, wa sheria ya 2009, ambao kamati yake anaiongoza yeye, lakini hela zake ni za mabati na saruji, si za lami. Kwa hiyo nikisikia "Mheshimiwa katujengea barabara" najua hesabu imeshaharibika. Uliza kama aliisukuma. Hapo ushahidi upo kwenye Hansadi, kumbukumbu za mijadala ya Bunge: ukizisoma kwa utulivu unamwona aliyerudia jambo lile lile kikao baada ya kikao mpaka jibu la waziri likabadilika, na unamwona aliyeuliza mara moja, akapigiwa meza, akaketi.

Kisha nenda kijijini. Adabu hiyo nilifundishwa na bibi mmoja upande wa Chamwino. Nilikuwa nimejaza kwenye fomu "mradi umekamilika", maana jiwe la msingi lilikuwepo, jina la mgeni rasmi limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, na siku ile bomba lilitoa maji. Miaka mitatu baadaye narudi, koki imeng'olewa, kuku wanatagia kwenye kibanda cha kuchotea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo.

Akaingia ndani akatoka na daftari la kamati ya maji. Kurasa za mwanzo zilikuwa nadhifu: dumu shilingi hamsini, majina, jumla ya kila jioni. Mbele kidogo dizeli ikaanza kuzidi makusanyo. Halafu ukurasa wenye neno moja, "pampu". Halafu kurasa tupu. Jiwe bado lilikuwa linang'aa. Siku hizi naomba daftari kwanza, jiwe nalipiga picha nikipata nafasi.

Kugawa sifa nako kuna kanuni yake. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kujengwa 2017 wakati wa Magufuli, abiria wakaanza kushuka Dodoma 2024 wakati wa Samia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973. Magufuli akahamia 2019. Nagawa kwa hatua: aliyeamua, aliyetafuta hela, aliyemalizia, na anayelipia matengenezo. Huyo wa mwisho sijawahi kuona jiwe lake.

Turudi kwa Ndugai. Kongwa ilimpeleka bungeni mara tano kuanzia 2000, na siku chache kabla ya kufariki alikuwa ameongoza tena kura za maoni za chama chake, CCM. Huo ni ushahidi wa kukubalika, na si haba, ila kukubalika si utendaji; visima vya Kongwa vina madaftari yake. Kiti cha Spika, alichokalia kuanzia 2015, ni kazi nyingine kabisa. Pale nyenzo ni ratiba, kamati, na nani apewe nafasi ya kusema. Unapima kitu kimoja: je, Serikali ilikuwa ikilihofia Bunge? Aprili 2019 Bunge chini yake liliazimia kutofanya kazi na CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alisema Bunge lina udhaifu. Mimi nasoma ripoti za CAG kama wengine wanavyosoma magazeti, kwa hiyo sijifanyi sina upande: lile lilikuwa kosa kubwa kuliko barabara yoyote. Mkaguzi ndiye macho ya Bunge. Ukimfukuza, unabaki unapapasa.

Na lilimrudia mwenyewe. Mwishoni mwa 2021 alizungumza kwa ukali kuhusu nchi kukopa, akashambuliwa na wenzake wa chama, akaomba radhi hadharani, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Bunge alilolilinda lisiitwe dhaifu halikuwa na ubavu wa kumlinda Spika wake. Barua yenyewe aliiandika kwa Katibu Mkuu wa CCM. Katibu wa Bunge alipewa nakala.

Nilipoyasema haya kijiweni mwanasheria alicheka. Yule wa Kongwa alikoroga kahawa isiyo na sukari, akanyamaza sana, kisha akauliza: "Sasa hiyo nakala, kwenye fomu yako unaijaza wapi?"