Je, wajua kwa nini kwenye sinema wazazi hubadilika kuliko vijana wao?

Katika filamu ya Marekani ya 1985, Back to the Future, kuna mama anayewaambia wanawe mezani kwamba enzi zake hakuwahi kuwafukuzia wavulana, wala kukaa na mvulana kwenye gari lililoegeshwa. Baadaye mwanawe, Marty, anajikuta amerudi mwaka 1955 na kumkuta mama yuleyule akiwa msichana wa sekondari. Usiku mmoja wanakaa wapi? Ndani ya gari lililoegeshwa. Kwanza anatoa chupa, kisha sigara.

Tunacheka, lakini kichekesho hicho kinajibu swali la wengi: mbona vijana wa filamu za kila kizazi wanaonekana kama watu wa sayari tofauti? Nionavyo mimi, vijana ni walewale. Wanaobadilika ni wazazi, pamoja na mahali kijana anapokimbilia ili kuwakwepa.

Tazama filamu ya Rebel Without a Cause, ya mwaka huohuo wa 1955. Kijana Jim anarudi nyumbani na kumkuta baba yake amepiga magoti, aproni juu ya suti, akiokota chakula alichomwaga kabla mkewe hajaona. Leo baba mwenye aproni hamshangazi mtu. Ndani ya filamu ile, ni msiba. Baba hana sauti, basi kijana anakwenda kuutafuta uanaume usiku, kwenye ukingo wa jabali: magari mawili ya wizi yanakimbizwa kuelekea shimoni, na atakayeruka nje wa kwanza ndiye mwoga. Mshindani wake, Buzz, mkono wa jaketi unanasa kwenye kitasa cha mlango. Anatumbukia na gari.

Kwa nini gari? Baada ya Vita Kuu ya Pili, familia nyingi za Marekani zilihamia viungani mwa miji, ambako bila gari huendi popote. Na kwa kuwa televisheni iliwabakiza watu wazima sebuleni, wenye sinema waliona kwamba mteja aliyebaki ni kijana. Wakaanza kumtengenezea filamu zake.

Miaka 30 baadaye, kwenye The Breakfast Club, wanafunzi watano wanatumikia adhabu ya Jumamosi katika maktaba ya shule. Wazazi huonekana dakika chache tu, wakiwashusha watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Msichana mmoja anasogelea dirisha la gari aseme neno, gari linaondoka. Halafu humo ndani, siku nzima, mazungumzo ni wazazi tu! Filamu hii ilitoka wakati talaka nchini humo zilikuwa zimefikia kilele miaka michache tu nyuma. Mzazi aliyekuwa dhaifu sasa hayupo.

(Jim wa Rebel Without a Cause aliigizwa na James Dean akiwa na miaka 24. Sheria hubana saa za kazi za watoto, hivyo watayarishaji hupenda watu wazima wenye sura changa.)

Eighth Grade ya 2018 ilimtumia tineja wa kweli, Elsie Fisher, na inaonekana: chunusi ni zake. Kayla, anayemwigiza, hurekodi video za kuwafundisha wenzake kujiamini, ilhali shuleni wamemchagua kuwa mkimya kuliko wote. Hapa baba yupo, tena yuko mezani, anajitahidi kuzungumza. Aliyeondoka ni binti. Amekaa palepale, hedifoni masikioni, kidole kwenye skrini. Hahitaji gari.

Karibu na mwisho, Kayla anachoma kisanduku cha kumbukumbu alichojiandalia miaka michache nyuma, kisha anamuuliza baba kama yeye humhuzunisha. Baba anashtuka, anaanza kusema, anajikwaa, anaendelea mpaka binti anamkumbatia. Jim naye alimuuliza baba yake afanye nini mtu anapolazimika kuwa mwanamume. Baba alipendekeza watafute karatasi waandike orodha.