Reli ya Mpanda haikufuata mninga

Hapa Kaliua, mkoani Tabora, wazee kwa vijana husema reli ya kwenda Mpanda waliijenga Wajerumani ili wabebe magogo ya mninga. Sivyo. Wajerumani walijenga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, basi. Tawi la Mpanda, kilometa zipatazo 210, ni la Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, na walichokifuata ni madini ya risasi. Inaniuma kuona wachimbaji wale wanasahaulika hivi. Mninga, ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, ulipakiwa kweli, ila ulidandia njia ambayo risasi ilishaifungua.