Asili si pori lisilo na watu

Wengi huamini kwamba mazingira ya asili ni yale ambayo mkono wa mtu haujayagusa. Sivyo. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, iko kwenye vilima ambako wenyeji bado wanafanya matambiko.

Tena tazama kisiki hai, kama wakulima wa Dodoma wanavyokiita. Mti ulikatwa zamani, mizizi ingali hai, machipukizi yamesongamana. Mkulima huchagua machache yaliyonyooka, hupunguza mengine kwa panga, hufunga kitambaa kuwa alama, na mbuzi wanakatazwa hapo. Chipukizi linakua upesi kuliko mche, maana mizizi ilishazama. Mti huo ni wa asili au wa mtu? Mimi nasema wa wote wawili, na panga halikuupunguzia uasili hata kidogo.