Umio wa Barrett: kiungulia kinapobadilisha njia ya chakula

Hapa Kampala, mtu akiingia duka la dawa kifua kinamwaka moto na kusema "alsa inanisumbua", yaani vidonda vya tumbo, mara nyingi hutoka na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Kumbe huenda hana kidonda chochote tumboni. Ana kiungulia: tindikali ya tumbo imepanda kwenye umio, njia ya chakula yenye urefu wa kama sentimita 25.

Chini ya umio kuna msuli unaojifunga kama mdomo wa mfuko. Ukilegea, tindikali hupanda, hasa mtu akila sahani tele ya katogo usiku na kujilaza papo hapo. Tumbo lina ute mzito wa kulikinga. Umio hauna kinga kama hiyo, basi huvimba na kuchubuka. Ukiumia na kupona miaka nenda miaka rudi, kovu huweza kuibana njia.

Kwa wengine umio hugeuka. Seli zake bapa, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama za ngozi, hutoweka na mahali pake hushikwa na seli ndefu zinazofanana na za utumbo. Huo ndio umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London aliyeandika juu yake mwaka 1950. Mabadiliko hayo yenyewe hayaumi. Hutambuliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, kisha kinyama kidogo hukatwa na kupimwa maabara.

Seli hizo zilizogeuka huweza kuwa saratani ya umio, lakini wengi wenye hali hiyo hawaipati. Kwa mwaka, hatari ni chini ya mmoja kati ya mia. Hata hivyo wanahitaji dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli, na kuchunguzwa tena kwa kamera kila daktari anapopanga. Kwetu Uganda saratani ya umio iliyo ya kawaida zaidi ni nyingine, ya zile seli bapa, inayohusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Kwa hiyo hata asiyejua kiungulia asipuuze chakula kukwama.

Kukwama huanza polepole. Mzee anasukuma kila tonge la posho kwa maji. Baadaye anaiacha posho, anaomba uji tu, na nyumbani wanasema amekuwa mchaguzi wa chakula. Ukiona hivyo, msindikize hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo mkaulizie kipimo cha kamera. Akitapika damu, nendeni saa hiyo hiyo.