Lefebvre: jina la mhunzi na ile B isiyotamkwa

Wanaoniuliza kuhusu jina la Kifaransa Lefebvre karibu wote wanataka kujua jambo moja: ukoo huu ulianzia wapi? Mimi shughuli yangu ni kusoma rejista za zamani za Ufaransa, na jibu langu huwavunja moyo. Hakuna ukoo mmoja wa Lefebvre. Zipo koo nyingi za jina hilo ambazo hazihusiani kabisa, zimekutana kwenye jina tu.

Turudi karne ya 11 hadi ya 13. Watu walikuwa wameongezeka vijijini na mijini, na majina ya ubatizo yalikuwa machache. Kila mtaa ulikuwa na kina Jean, Pierre na Guillaume wa kutosha. Anayedai kodi atamjuaje Jean yupi kalipa na yupi bado? Ikabidi kila mtu aongezewe kitu: kazi yake, alikotoka, au sifa yake ya mwili. Daftari la kodi la Paris la mwaka 1292 limejaa nyongeza za namna hiyo. Mhunzi alikuwa rahisi kumtambulisha kwa kazi yake, kwa sababu kijiji kizima mara nyingi kilikuwa na mmoja tu, wa kuwapigia farasi viatu na kunoa majembe. Kumwita mtu “mkulima” mahali ambapo wote wanalima kusingesaidia kitu.

Kwa Kifaransa cha kale mhunzi ni fevre, kutoka Kilatini faber. Kwa hiyo “le fevre” walizuka kila pembe, kila mmoja kivyake, na baada ya vizazi vichache jina likawa la kurithi hata kwa mtoto aliyeamua kuoka mikate. Neno lenyewe likafa midomoni mwa watu. Mfaransa wa leo humwita mhunzi forgeron, na fevre limebaki limejificha ndani ya orfèvre, yaani sonara.

Sasa ile B. Haitamkwi, Lefebvre na Lefèvre husomwa sawasawa. Walioiweka ni makarani na wasomi wa mwisho wa Zama za Kati, watu waliopenda kuonyesha kwamba Kilatini wanakijua. Faber ina b, basi na fevre ipewe b yake. Walifanya hivyo hivyo kwa debvoir na febvrier. Ila kulikuwa na sababu nyingine ambayo mimi naiona ina uzito zaidi. Katika hati za wakati huo, u na v zilikuwa herufi moja, na katikati ya neno iliandikwa u. Ukikuta “lefeure” kwenye ngozi iliyochakaa, unasoma feure au fevre? Karani akipachika b mbele yake, “lefebure”, msomaji mzoefu anajua kwamba hiyo u ni v.

Baadaye kamusi ya Akademia ya Ufaransa, katika toleo la 1762, ikatenganisha u na v rasmi. Wakati huo maneno ya kawaida yalikuwa yameshasafishwa: debvoir ikawa devoir, febvrier ikawa février. Majina ya watu hayakuguswa. Na palipokuwa na wasomaji wasiojua desturi ya makarani, “lefebure” ikasomwa kama ilivyoandikwa, ndipo tukapata kina Lefébure, ambao B yao inasikika na u yao pia. Mpiga kinanda Lefébure-Wély wa karne ya 19 ni mmoja wao. Huko magharibi ipo Lefeuvre. Yote ni mhunzi yuleyule.

Tahajia haikuwa mali ya mtu. Amri ya Villers-Cotterêts ya 1539 iliwataka mapadre waandike ubatizo, lakini haikuwaambia waandike jina vipi, na wazazi wengi walioleta watoto wao kubatizwa hawakujua kusoma, wangemsahihishaje padre? Si ajabu kukuta kwenye ukurasa mmoja baba ni Lefebvre na mwanawe ni Lefevre. Mlango ulianza kufungwa na sheria ya Agosti 1794, iliyomkataza raia kutumia jina tofauti na lililo kwenye hati yake ya kuzaliwa. Toka hapo kosa la karani likawa jina halali. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja walirithisha watoto wao tahajia mbili, na ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia, “Sisi ni wa B, wale si wenzetu.”

Kitu ambacho jina linaweza kukuambia ni eneo. Lefebvre ni ya kaskazini, Nord na Pas-de-Calais, na huko ndiko alikozaliwa Jacques Lefèvre d'Étaples, mfasiri wa Biblia, ambaye kwa Kilatini alijiita Faber. Kusini mhunzi ni Fabre au Faure: mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre alizaliwa Aveyron. Savoie, upande wa milima ya Alps, ni Favre. Watu wa Bretagne, wenye lugha yao, walimwita Le Goff, na Alsace, mpakani na Ujerumani, ni Schmitt. Lakini usiape kwa ramani hiyo. Lefebvre, jemadari wa Napoleon aliyeiteka Danzig mwaka 1807, alizaliwa Rouffach, huko huko Alsace, katikati ya kina Schmitt.

Wale wanaouza “nembo ya ukoo wa Lefebvre” ya kutundika ukutani, waache na biashara yao. Nembo hupewa mtu na uzao wake, haipewi jina. Mwaka 1696 Louis XIV aliagiza nembo zote ziandikishwe kwa malipo, shabaha ikiwa ni kuchangisha fedha za vita, kwa hiyo hata fundi na muuza duka wana nembo humo.

Ukitaka asili yako, achana na jina, tafuta kijiji. Anza na hati ya mwisho unayoijua, rudi nyuma kizazi kwa kizazi, na linganisha sahihi na majina ya wasimamizi wa ubatizo kabla ya kulinganisha tahajia. Kama wazee wako ni wa Paris, jipe moyo: rejista za kabla ya 1860 ziliteketea kwenye moto wa Mei 1871, na ni takriban theluthi moja tu iliyoandikwa upya. Kama walihamia Québec, Kanada, kisha wakashuka New England, Marekani, tafuta pia kwenye herufi B. Huko Lefebvre ilisikika kama la fève, aina ya maharage, na baadhi ya familia zikaandikishwa Bean, yaani haragwe kwa Kiingereza.