Betri za rimoti ya ndege: angalia zinavyoisha

Wengi wanaoniuliza betri za kuweka kwenye rimoti ya ndege ndogo za kuchezea huanza na mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba. Mimi huanza na swali jingine: volti zake hushukaje zikikaribia kuisha? Rimoti ikizimika ndege ikiwa hewani, huna tena cha kuishikia, na chini kuna watu.

Tuchukue rimoti ya FlySky FS-i6, ambayo wanaoanza wengi wanayo. Inakula betri 4 za AA, na king'ora chake hulia volti zikishuka chini ya 4.2. Alikalaini mpya, yaani betri ya dukani isiyochajiwa, ina volti 1.5, kwa hiyo nne zinakupa 6. Hushuka polepole, hivyo king'ora kikilia bado una muda wa kuirudisha ndege.

NiMH (nikeli-metali hidridi), betri za AA za kuchaji, zina volti 1.2, jumla 4.8. Watu wakiona 4.8 hudhani ni dhaifu. Hapana, rimoti hii inafanya kazi nazo vizuri kabisa. Tabia yao ndiyo tofauti: hukaa karibu na 1.2 kwa muda mrefu, halafu mwishoni huporomoka. Kwa hiyo kwa NiMH, king'ora cha 4.2 kimechelewa, maana kila betri imebaki na 1.05 tu. Kioo cha rimoti kikionyesha volti 4.6, mimi natua. Sijadiliani nacho.

Hata hivyo NiMH ndizo ninazopendekeza, hasa zile zinazotunza chaji, kama Eneloop ambazo Sanyo walizileta mwaka 2005. NiMH za kawaida hupoteza chaji zenyewe zikikaa kabatini. Alikalaini nazo ukizisahau ndani huvuja, na ule unga mweupe hula springi mpaka zinakataa kupitisha umeme.

Kuna hatari moja naomba uishike sana. Betri ya lithiamu ya 14500 ina umbo lilelile la AA na inaingia bila shida, lakini ikijaa ina volti 4.2. Ziweke nne, umeipa volti 16.8 rimoti iliyoundwa kwa 6. Usijaribu.

Lithiamu ina mahali pake. Rimoti ya RadioMaster TX16S, kwa mfano, inatumia betri mbili za lithiamu za 18650, kubwa kuliko AA, zilizounganishwa mfululizo: volti 7.4, zikijaa 8.4. Tatizo ni feki. Ukikuta 18650 imeandikwa 9900 mAh, irudishe. Hakuna inayofika hata nusu ya hapo. Iweke kwenye mizani: 18650 halisi huwa na gramu 45 hivi. Ya gramu 30 usiipeleke uwanjani.

Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti. Mimi huandika namba ya seti kwa kalamu kwenye kila betri, nazichaji pamoja, kisha nazipima moja moja kwa mita zikishapoa. Itakayoachana na wenzake kwa volti 0.1 inatoka kwenye seti na kwenda kwenye saa ya ukutani.